Safu ya Tisa

Kiwanda chetu cha Manila hupika vanishi.
Mimi ndiye niliyetumwa Palawan na kalamu mbili,
mizani ya kuning'iniza, na fomu yenye safu nane:
jina, tarehe, kilo, daraja, bei,
njia ya usafiri, sahihi, mhuri.
Nilizihesabu usiku hotelini, nikaridhika
kama mtu aliyefunga mkoba bila kusahau mswaki.

Kwenye mlima Dionesia Balungay hakusema neno.
Alitangulia peku, kikapu cha henzirani mgongoni,
mimi nyuma na buti mpya, nikihema kama mvukuto.
Ruba walinipata mapema. Yeye walimpita
kama wadai wapitavyo nyumba ya aliyekwisha lipa.

Harufu ilitufikia kabla ya mti:
limau, moshi baridi, kabati la marehemu bibi.
"Ndiye huyu," akasema, akaugusa mwalmasiga
mpana kuliko mlango wa ghala letu.
Ubavuni jeraha, upana wa kiganja,
na sandarusi imechuruzika, imeganda
kama nta ya mshumaa uliosahauliwa ukiwaka.

"Jeraha dogo, upande mmoja. Ukizungusha, umemchinja.
Ukichimba hadi kwenye nyama nyeupe,
umewaandikia mchwa barua ya mwaliko.
Baba alinifundisha kwa kunishika mkono wenye panga.
Hakuwa mtu wa semina."

Nikaandika: daraja la kwanza.

Mwendo wa saa nzima, tukafika kwa mwingine,
mkavu, wa kijivu, umevuliwa gome pande zote
kama mtu aliyeporwa hadi shati la ndani.
"Huyu nilimfahamu," akasema.
Huyu, si huu. Sikumsahihisha.
"Mnunuzi aliyewatangulia alilipa kwa gunia,
taslimu, haraka. Hakuuliza lilikotoka.
Vijana wetu pia hawakuuliza. Na mwanangu alikuwemo."
Akapangusa panga kwenye sketi, ingawa lilikuwa safi.

Jioni, mizani ilisema kilo mia tatu na kumi.
Mimi nilitumwa kuleta mia nane.
Nikapanda jiwe la mtandao, jiwe pekee lenye simu.
Bosi akafoka: "Waambie wagonge tena!"
Nikashuka na maneno hayo mdomoni
kama mtu aliyebeba yai bovu.

Chama chao kilikuwa kimekaa, watu kumi na wanane,
na bati la biskuti katikati: ndani yake
hati ya ardhi ya mababu, kona moja imeliwa na mende.
Rufino, wa doria, alikuwa amekalia msumeno
waliomnyang'anya mtu wa bondeni wiki ile.
"Mteremko wa mashariki unalala," wakasema.
"Mpaka mvua ya pili."
"Soko halilali," nikasema.
Dionesia akacheka mpaka akakohoa.
"Basi likeshe. Litatukuta hapa."

Akaichukua kalamu yangu.
Kwa ufito wa henzirani akapiga mstari
pembezoni mwa fomu, penye nafasi finyu,
na mbele ya kila mti wa mashariki akaandika
kwa herufi kubwa, zinazosukumana:
ANAPUMZIKA. ANAPUMZIKA.
Mbele ya ule mkavu alisita,
kisha akaacha tupu.

Kompyuta ya ofisini haiijui safu ya tisa.
Nikiingiza, inaniandikia kosa jekundu.
Bosi ameivuta fomu karibu na miwani:
"Anapumzika nani? Tumeajiri watu huko?"
Nimemweleza. Amesema bei watakayo ni ya juu,
amesema ataona, amesema Ijumaa.

Leo ni Jumanne. Katika droo yangu
kuna kipande cha sandarusi, kidogo kama jino.
Feni ikizimika adhuhuri, kinaanza kunukia,
na karani wa meza ya pili huinua kichwa:
"Nani ameingia?"