Mabuibui Kumi na Moja

Mbingu yetu ilikuwa mabuibui kumi na moja
ya kuazima, kutoka Shela ya Malindi,
yaliyounganishwa na Nyevu kwa uzi wa gunia
ndani ya kinu cha pamba kisichochambua tena.
Nyota alizitoboa kwa sindano ya magodoro,
moja moja, akihesabu kwa Kigiriama,
na nyuma yake karabai mbili zikivuma.
Zuhura peke yake ilitobolewa kwa msumari.

Hayo hamkuyaona. Mlichoona nyinyi,
Alhamisi saa mbili usiku, mmejazana
kwa jirani mwenye televisheni,
ni Chombo Nambari Tisa kikipasua anga.

Mimi nilikuwa mshika daftari.
Kazi yangu kukumbuka kifungo kipi kilifungwa,
kovu la nahodha lilikuwa shavu gani.
(Lilihama mara mbili. Hakuna aliyeandika barua.)
Kwa hiyo niulizeni mimi.

Kishindo cha kuiaga dunia
ni kitunguu kikitumbukia mafuta ya moto,
Lalji fundi redio akakinasa, akakicheza polepole.
Majaribio yaliyoharibika tuliyala na bajia.
Mlango uliojifungua wenyewe
ulivutwa kwa kamba na watoto wawili,
mmoja wao mvivu; ndiyo maana
ubao wa kushoto ulichelewa miaka mitatu mizima,
na wataalamu wa vijiweni wakaeleza
kwamba ni hila ya kukwepa upepo wa jua.

Ndani ya mtu wa bati alikuwamo Tsofa Karisa.
Saa sita, debe la mafuta ya taa kifuani,
jasho likimtoka viatuni kama bomba bovu.
Mtaani hakuna aliyemjua.
Alipanga foleni ya unga
nyuma ya watoto walioigiza mwendo wake,
wakikosea goti. Hakuwasahihisha.

Nahodha alidai nyongeza.
Bwana Famau, mwongozaji wetu,
ulimi mtamu, mfuko mkavu,
akamjibu kwa kalamu: sehemu ya kumi na tisa, kimondo.
Watu wa Majengo wakamsomea hitima;
marehemu akaketi safu ya mbele,
akala pilau yake, akaulizia na ukoko.

Na siku ile.
Kule Ngomeni Wataliano wakarusha roketi ya kweli
katikati ya onyesho letu. Kinu kikatikisika,
popo wakamwagika kutoka darini,
nyota zikayumba. "Msizime," Famau akanong'ona.
Uso wa Bi Mwanaidi mnaousifu mpaka leo,
ule wa kukata tamaa peke yake angani,
haukuwa uigizaji. Alikuwa anatafuta mlango,
na yule mtoto mvivu keshakimbia na kamba.

Mnaniuliza kanda ziko wapi.
Kanda zilikuwa ghali. Juu ya Chombo Nambari Tisa
walirekodi gwaride, maonyesho ya ng'ombe,
hotuba moja ndefu ya kufungua daraja.
Ukiitazama hotuba ile bila kupepesa, asema Lalji,
dakika ya arobaini, mheshimiwa anapokohoa,
mkono wa bati unapunga, nusu sekunde.
Mimi sijauona. Sisemi haupo.

Nyevu akaifumua mbingu kwa wembe,
akairudisha nyumba kwa nyumba, imekunjwa,
akiomba radhi kwa kila tundu.
Wengi walitia viraka. Mwana Rukia alikataa:
"Nilitoa nguo, nimerudishiwa usiku.
Nani atautia usiku kiraka?"
Akalifua, akalianika kambani,
na saa tatu asubuhi, kwenye chokaa ya ukuta wa pili,
zikachomoza zote, ndogondogo, zikipepea.

Tsofa alikuwa anapita na unga wake.
Akasimama baina ya nguo na ukuta.
Zuhura ikamkaa kifuani, palepale penye debe.
Akatazama kulia, kushoto, kichochoro kitupu,
akapiga hatua moja tu,
goti likiwa sawasawa.