Kilugha cha Fundi Zelig

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
Fundi Zelig alinishonea sare ya shule.
Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kabisa:
alitania, alikopa, alimtukana muuza vifungo.
Lakini futi ikinizunguka kiuno
alihesabu polepole, kama anayeonja mchuzi:
eyns, tsvey, dray.

"Kilugha gani hicho, fundi?"
"Cha mama. Hiki ukikosea hakikucheki."

Mwaka ule wa homa, hospitali ya Bombo,
Kiingereza kilimtoka, Kiswahili kikamtoka,
kikabaki hicho.
Muuguzi alisaka mkalimani mji mzima.

Nikamshika mkono, nikampa
nilichokuwa nacho:
ainsi, tisivei, dirai.

Akafumbua jicho moja.
Akanisahihisha ya pili.