Kuku Aliyelalia Helementi

Afande huiita kofia ngumu.
Sisi wa kijiwe cha Isevya twaiita helementi,
na mwaka mzima yangu ilikaa nyuma ya mlango,
mdomo juu, kama bakuli la mgeni ambaye hakuja.

Nilikuwa na sababu. Nani hana sababu?
Jua la Oktoba hapa Tabora halina utani;
humo ndani jasho linatokota kama uji,
humsikii abiria akisema shusha,
na wasichana wa Cheyo hawajui ni nani anayewapita.
Siku za msako niliivaa kiwikoni.
Kiwiko changu, namshukuru Mungu,
hakijawahi kupata ajali.

Kisha kishingo mwekundu wa mke wangu akaingia,
akaikagua, akazunguka mara mbili,
akakaa.
Mayai kumi na moja.
Nilipotaka kumtoa akanidonoa kidole,
na Kalunde, anachambua maharage, hakuinua hata uso:
"Mwache. Angalau mmoja humu ndani
anajua kile kitu kina kazi gani.
Chenye ganda jepesi hutafutiwa ganda gumu."

Nikacheka. Nikapiga kiki, nikaenda zangu.

Siku ya tisa, barabara ya Ipuli,
Msabila alikuwa mbele yangu.
Watu walisema mwendo. Haukuwa mwendo.
Thelathini tu, nilikuwa nyuma yake;
ilikuwa mbuzi, na kokoto,
na sauti.
Sitaieleza ile sauti.
Aliyewahi kuangusha yai sakafuni anaijua.

Abiria wake aliinuka, akajipangusa vumbi,
akauliza simu yake iko wapi.

Kitete, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Msabila, tuliyelala naye mkeka mmoja kabla hatujaoa,
jina langu limemtoka.
La bintiye Nyanzala analitafuta
kama mtu anayetafuta chenji
kwenye mifuko ya suruali ya mwenzake.
Ila injini yangu anaijua.
Nikiwasha pale nje, muuguzi ameniambia,
shingo yake inageuka.

Usiku ule niliitaka helementi yangu.
Kuku akanitazama kwa jicho moja.
"Bado siku kumi na mbili," akasema Kalunde.
Siku kumi na mbili sikupanda pikipiki.
Tajiri akapiga: hesabu yangu iko wapi?
Nikamwambia, bosi, helementi ina mayai.
Akakata.

Walitoka tisa; mawili yalikuwa viza.
Nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni ya mche,
nikaianika ukutani siku mbili,
na bado inanuka banda.
Kijiweni wamenibatiza Baba Vifaranga.
Nimelipokea. Jina ni jina
maadamu unalikumbuka.

Ya pili nimeikopa, ya abiria.
Kalunde amechana khanga yake kuukuu
vitambaa kumi na viwili, anavifua kila jioni,
ili anayekinai jasho la mtu
abaki bila sababu.

Jana mama mmoja, ametoka kusukwa,
nywele za elfu ishirini kichwani, akakataa.
Sikumhubiria. Nikazima injini.
Tukakaa hivyo, mimi na yeye na jua.
"Sasa hatuendi?"
"Tunaenda, mama. Nangoja kichwa."
Akatwaa kitambaa, akafunga mkanda,
akinung'unika mpaka mzunguko wa barabara.

Chini ya dirisha la Kitete nikapunguza mwendo,
nikavuta mafuta mara mbili, tatu.
"We kijana! Hospitalini unapiga kelele za nini?"

Nikamwambia, nataja jina langu.