Maji ya Chumvi

Saa nane na robo usiku, Agosti,
baridi ya Nairobi imeingia hadi ndani ya glavu.
Chupa imeletwa mbio, bado ina joto la mkono,
na lebo yake inasema: Kerubo.
Kerubo tu.
Hakuna namba, hakuna tarehe,
hakuna saini ya aliyeshika sindano.

Nampigia sista Jerotich wodini:
"Huko kwenu mna Kerubo wangapi?"
Nasikia viatu vyake vikienda, vikirudi.
"Wawili." Sauti imeshuka.
"Basi mtoe upya. Na usimwambie jina lake
aitikie kwa kichwa. Alitaje mwenyewe."

Dirishani kuna mwanamume wa koti la mvua,
Ombasa, katoka Pipeline kwa pikipiki,
matope yangali mabichi kwenye suruali.
"Dada yangu kajifungua, anavuja,
na wewe wauliza majina?"
Anakunja mkono wa shati hadi begani.
"Toa hapa. Tumbo moja, titi moja.
Damu yetu ni moja."

Namdunga kidole.
Tone kwenye kigae cheupe, dawa ya buluu, dawa ya manjano.
Upande wa manjano unakatika kama maziwa.
"Wewe ni B."
Chupa mpya imefika, majina matatu na namba yake;
hii haikatiki popote.
"Dada yako ni O. Ukimpa yako,
mwili wake utaipiga vita hadi figo zizime."
Ananitazama kana kwamba nimemvua ukoo.

Wasemao damu ni nzito kuliko maji
hawajawahi kuiosha.
Mimi huiosha mara tatu kwa maji ya chumvi,
nazungusha, namwaga, naosha tena,
mpaka zibaki seli tupu
zisizo na habari za nyumbani kwao.

Jokofuni, nyuzi nne, nina mifuko mitatu ya O.
Shule zimefunga, na shule zikifunga
rafu zangu huonyesha chuma.
Nachukua wa katikati: virusi vya UKIMWI, hapana;
homa ya ini, hapana; kaswende, hapana; muhuri upo.
Jina la mtoaji sipewi.
Labda ni msichana wa kidato cha tatu
aliyegeuza uso ukutani, akapewa soda na biskuti,
akarudi darasani kumalizia hesabu.

Seli zake, na maji ya damu ya Kerubo,
kichupa kimoja, nyuzi thelathini na saba,
wadanganyike wamo ndani ya mtu.
Stima inakonyeza. Jenereta linakohoa, linashika.
Ombasa anagonga kioo: "Chelewa chelewa..."
"Najua," namkata, "utakuta mwana si wako.
Haraka nayo ina makaburi yake. Kaa."

Hakai.

Nainua kichupa kwenye taa, nakigonga kwa ukucha.
Kile kitone chekundu cha chini
kinafumuka kama moshi, laini, bila bonge.
Chini ya darubini zinaelea moja moja,
hazijuani, hazigombani.

Nasaini. Mfuko ukitoka jokofuni nusu saa yake imeanza.
Huko juu watausoma watu wawili, kwa sauti,
mfuko, fomu, utepe wa mkononi,
na robo saa ya kwanza Jerotich hataondoka kitandani
hata akiitwa.

"Na wewe," namwambia Ombasa, "rudi saa mbili asubuhi.
Yupo mtu wa B asiye wa tumbo lenu."
Anakunjua shati polepole. Hasemi ndiyo.

Kazi yangu ikienda vyema hakuna kinachotokea:
hakuna homa, hakuna mgongo kuuma,
hakuna mkojo wa rangi ya chai.
Hakuna anayekuja kushukuru kwa kisichotokea.

Ile chupa ya kwanza bado imesimama kwenye kibao,
Kerubo tu.
Kuipima ni dakika tano.
Naitia kwenye ndoo nyekundu, nafunika,
nanawa mikono mara mbili.
Ilikuwa ya yupi, sitaki kujua.