Kipeuo cha Hasi Moja

Barabara ya Tisa, Ngamiani,
mitaa iliyopewa namba kabla ya majina,
meza yangu ni mlango wa kabati juu ya matofali:
mita, lehemu, bisibisi, kopo la spiriti.

Leo kaja Mwalimu Shekiondo,
simu kaitia ndani ya soksi.
"Imekata kauli," kasema. "Iangalie."
Hakunitambua.

Mimi ndiye niliyenyoosha kidole,
kidato cha tano, darasa lililotazama reli,
nikauliza: hiki kipeuo cha hasi moja
nikipeleke soko gani?
Kinapimwa kwa pishi au kwa kibaba?
Darasa zima likaangua kicheko.
Ukajifuta chaki kwenye shati:
"Sijui. Andika."

Naifungua simu. Namweleza huku nalehemu,
moshi unatupita puani:

walioiona kwanza namba ile waliona haya,
waliifuta, ikarudi
katikati ya mlinganyo kama paka wa jirani.
Karne tatu ilikaa bila kazi.
Haikujaza ghala, haikupima shamba,
mpaka waliposhika umeme unaokwenda ukirudi
wakataka namba inayojua kugeuka.
Ilikuwapo. Imekunjwa, imepigwa pasi,
inamngoja mwenye kuivaa.

Sifuri nayo: ilitoka Bara Hindi
ikashindikizwa na wenye maduka,
watu wakiicheka, kitu gani kuhesabu kisichokuwepo?
Leo ni nusu ya kila neno tunalotumiana.

Kioo kikawaka.
Simu ikaupapasa mnara wa Raskazoni,
mstari mmoja, miwili, ikalia.
Binti yake, Korogwe: "Baba, siku tatu! Tumekutafuta!"
Mwalimu akaitenga sikio, akaitazama,
kama mtu aliyempita mwanafunzi wake njiani
na jina limemtoka.

Kisha malipo. Akabonyeza namba ya siri
kwa kiganja cha kuficha, kama mtihani.
Nikataka kumwambia: hata kufuli za pesa,
zile namba ulizotufundisha kuziita tasa
ndizo zilizozizaa.

Akanikatiza.
"Spika elfu nane, ufundi elfu tatu na mia tano.
Umeniandikia kumi na mbili.
Wewe si yule wa reli?
Bado huonyeshi njia."