Uzito Mtupu

Miaka ishirini na tisa nilikaa kibandani
kwenye mizani ya lango la Kilindini.
Lori hupimwa mara mbili:
kwanza tupu, kisha limeshiba.
Toa la kwanza katika la pili, kinachobaki ndicho mzigo.
Dereva aape, amtaje mjomba wake aliye ofisini,
chuma hakijui mjomba.

Sasa nimestaafu. Kiinua mgongo kimelala benki
kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina,
na Lutfia wa ofisi ya mauzo kaniita kwenye kiyoyozi
kanionyesha mji wa plastiki juu ya meza:
miti ya sifongo, bwawa la gundi ya buluu,
watu wembamba wasiotoka jasho.
"Yako hii, Saba B. Vyumba viwili, yatazama bahari.
Bei ya leo si ya Ijumaa."
Nikainama. Dirisha langu lilikuwa kubwa kama ukucha.

Nikaenda Shanzu kuitazama mwenyewe.
Nje ya mabati nikainua shingo.
Ghorofa zimefika tatu.
Kwenye ya saba alipita kunguru,
hakubisha hodi.

Shemeji yangu akasema, usinunue mbuzi kwenye gunia.
Shemeji, mbuzi wa gunia hulia, hupiga teke.
Hapa hata gunia halijashonwa.

Lakini nisiseme upande mmoja.
Mtoto wa Awadhi alinunua Bamburi
shimo likiwa bado limejaa maji ya mvua na vyura.
Leo kauza kwa bei mara mbili,
na kahawa ya roshani ile nimeinywa mimi, kwa mdomo wangu.
Woga nao una gharama. Hela ikilala hulika,
na bei ya unga haimngojei mstaafu.

Na nyuma ya kituo cha mafuta kuna jingine,
mwaka wa kumi na moja huu halina paa.
Nondo zimetokeza juu kama vidole
vya watu wanaoomba zamu ya kusema,
chumvi ya bahari inazila taratibu,
kutu imechirizika ukutani.
Wenyewe hukutana kila mwezi, kila mmoja na faili lake.

Usiku Mwanasiti alipiga hesabu nyuma ya bahasha ya dawa.
Tukikabidhiwa kwa wakati.
Tukipata mpangaji.
Wageni wa Disemba wakija, maji ya bomba yakitoka,
lifti ikifanya kazi.
Nikaisoma mara mbili.
Sijapata kuona silabi ndogo kama hiyo *ki*
ikibebeshwa jumba la ghorofa kumi na mbili.

Nikarudi Shanzu. Chengo, fundi wa nondo,
alikuwa kachutama na kikombe cha chai ya rangi.
"Unanunua, mzee? Kazi yetu safi, chuma hatuibi.
Ila wiki ya tatu hii hatujalipwa."
Akanywa chai yake.
Hakujua kanipa nini.

Nikamuuliza Lutfia:
hati ya kiwanja ina jina la nani?
Benki imekishika, au ki huru?
Pesa yangu italala wapi kabla slabu ya saba haijamwagwa,
kwa wakili, au ndani ya saruji ya jengo la mtu mwingine?
Mkichelewa, nani atanilipa huko kungoja?
Aliandika yote, hati nzuri, herufi za mviringo.
"Nitawauliza wakubwa."

Ijumaa ikaja, ikapita.
Jumatatu simu ikalia: "Nimekuombea, bei ni ile ile."
Fomu ipo juu ya friji, Mwanasiti kaiwekea papai.
Sijasema ndiyo. La sijasema pia,
maana kuna usiku naota nimesimama juu kule, na funguo mkononi.
Nikamjibu kama nilivyowajibu madereva:
"Rudisha nyuma, mwanangu.
Lipande tupu kwanza."
Akanyamaza.
Nikasikia kiyoyozi chake kinavuma.