Kitabu Chini ya Mashine

Mashine ya kufulia ilikuwa haitulii,
ikitembea hadi katikati ya jiko kama mgeni mlevi,
nikaitafutia kitu kinene cha kuweka chini ya mguu.
Nikapata kitabu cha fiziolojia.
Kurasa mia sita na arobaini. Kilienea barabara.

Ilikuwa Mei. Hapa Punta Arenas, Mei,
jua huchelewa kazini kuliko sisi wote:
karibu saa nne ndipo linachungulia,
na kabla sijavua aproni limeshaaga.
Mimi niko macho tangu alfajiri,
kumgeuza mama ubavu asipate vidonda,
kumtafutia Ayelén soksi ya pili
(haipo; sidhani iliwahi kuwepo),
kumngoja Vicente akubali kwamba viatu huvaliwa.
Kisha kiwandani, kumenya kaa
hadi vidole visahau ni vya nani.
Kisha jioni chuoni, uuguzi, mwaka wa pili.
Yaani, nilipokuwa nikienda.

Mshika mawili moja humponyoka.
Sawa. Mimi nilishika matano,
na lililoponyoka halikupiga kelele.
Hakuna aliyelala njaa kwa kuwa sikusoma figo.
Hakuna aliyelowesha godoro kwa kuwa nilikosa maabara.
Masomo hufa kwa adabu,
yanafunga mlango taratibu yasiamshe watoto.

"Pumzika," alisema Osvaldo kwenye simu,
kutoka visima vya gesi ng'ambo ya mlango-bahari,
wiki mbili huko, wiki mbili hapa.
"Utaendelea mwakani." Alisema kwa upendo.
Na *mwakani* lilikuwa neno laini kama mto wa manyoya.
Nikalilalia wiki tatu.

Jumamosi usiku bomba la mashine likapasuka.
Nilipomaliza kukausha sakafu
nikakiona kitabu, kimevimba kama mkate kwenye supu.
Nikakaa nacho kando ya jiko la gesi,
nikifungua ukurasa baada ya ukurasa
kama unavyofungua vidole vya mtoto
aliyelala na peremende mkononi.

Ukurasa wa mia nne na kumi na mbili, pembeni,
mwandiko wangu, wino umetawanyika:
*Kwa nini damu haigandi ikiwa bado ndani yetu?
Uliza Jumatatu.*

Jumatatu ipi? Sikuuliza.
Nikajikuta nimeisoma kwa sauti.

Mama alikuwa macho kitini mwake,
blanketi magotini, nusu ya uso wake
ikiwa bado pale ilipoangukia Agosti ile
alipodondosha birika.
"Yangu," alisema, kwa ile nusu nyingine,
"yangu mbona iliganda?"

Hakulia. Aliuliza tu,
kama mtu aliyerudi dukani na risiti.

Sitasema nilipata nguvu mpya.
Sikupata. Mgongo ulikuwa uleule.
Lakini swali lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni,
na kwa mwiba hungoji mwakani.

Jumatatu upepo ulikuwa wa kuangusha watu,
manispaa wamefunga kamba kandokando ya njia,
nikaishika kamba, kitabu nimekibana kwapani,
nikavuka mtaa kwa hatua za kikongwe.
Nilichelewa dakika kumi na moja. Nilinuka kaa.
Profesa Barrientos alinitazama, akatazama kitabu,
hakusema neno juu ya kimoja wala kingine.
Nikanyoosha mkono kabla sijavua koti.

Jibu lilikuwa refu. Nusu yake sikuielewa,
nusu nikaiandika mkononi, kalamu ikikwama kwenye mikato ya magamba.

Nyumbani mashine imeanza tena matembezi;
kipande cha ubao hakitoshi.
Ayelén amekaa juu yake kuizuia,
anatikisika, anacheka, soksi moja mguuni.
Na mama hajalala.
Amegeuzia mlango ule upande wake unaosikia vizuri.
"Haya," anasema. "Wamesemaje?"